Kabla Hujamleta Nyoka Nyumbani

Mwezi wa Julai 2020, chatu jike katika bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani, alitaga mayai saba. Magazeti yaliipenda habari hiyo kwa kuwa bibi huyo alikuwa na umri usiopungua miaka 62, na kwa miaka mingi hakuwa amekaa na dume. Mimi ni daktari wa wanyama, na kilichonikaa kichwani ni jambo lililotajwa pembeni tu: chatu huyo aliletwa pale mwaka 1961 na mtu aliyekuwa akimfuga nyumbani. Mwenyewe alikaa naye kidogo. Bustani ikabaki naye karibu miaka 60.

Watu wanaotaka kufuga nyoka huanza kwa kuuliza kama anauma. Ni swali halali na nitalifikia, lakini kwanza piga hesabu ya miaka. Chatu wa aina ya yule wa Saint Louis, akitunzwa vizuri, huishi miaka 20 hadi 30 bila mtu kushangaa. Mtoto wa darasa la nne akinunuliwa nyoka leo, atamaliza shule, atakwenda chuo, atapata kazi, ataoa au ataolewa, na nyoka bado yupo. Yupo kwa nani? Aghalabu yupo kwa mama, yule yule aliyesema tangu siku ya kwanza kwamba hamtaki. Kwa hiyo mzazi anayevutwa shati dukani na mtoto wake, kule Leicester au Minneapolis, ajue kwamba anayejipatia nyoka ni yeye. Kama humtaki, jibu umeshalipata, na yaliyobaki hapa usome kwa starehe tu.

Nimetaja Leicester na Minneapolis kwa makusudi, maana huku kwetu sheria imeufunga mlango mapema. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyamapori kuwa mali ya umma iliyo chini ya dhamana ya Rais. Kenya, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inadai kibali kwa yeyote anayetaka kumfungia mnyamapori. Nyoka ni mnyamapori kama alivyo tembo. Ukimkuta chatu shambani Kilosa, ukamtia kwenye pipa na kwenda naye nyumbani, umevunja sheria hata kama unampa kuku mzima kila wiki.

Na sheria ingekuwa imeruhusu, bado kuna majirani. Mtu anayekutwa na nyoka chumbani katika mitaa yetu haulizwi anamlisha nini. Anaulizwa anamtuma kwa nani. Tuhuma za ushirikina zimebomoa nyumba za watu na kumwaga damu kwa visa vidogo kuliko hicho. Sioni busara ya kijana wa Tandale au Kisauni kujitwika mzigo huo kwa ajili ya picha za Instagram.

Tusidhani kwa hayo kwamba sisi ni watu wa kuua nyoka tu. Usukumani kuna Bayeye, wacheza ngoma na nyoka wanaojua pia dawa za kienyeji za waliogongwa. Nyakach, kando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, kulikuwa na Omieri, chatu ambaye wenyeji wa Kiluo walimpokea kama mleta mvua na mavuno. Mwaka 1987 Omieri aliungua kwa moto wa nyikani, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafia huko. Wanakijiji walimlilia kama wanavyomlilia mtu wao. Na katika mji wa Ouidah, Benin, lipo hekalu la chatu. Chatu wake wakitoka usiku na kuingia nyumba ya mtu, mwenye nyumba huwapokea, kisha huwarudisha. Nayataja haya kwa sababu kijana akisema anampenda nyoka huambiwa ameiga Wazungu. La kuwa na nyoka karibu bila kumdhuru ni letu pia. La kumfungia kwenye kioo sebuleni ndilo geni.

Aliye Afrika Mashariki na anayewapenda nyoka kwelikweli ana pa kwenda. Nairobi kuna bustani ya nyoka pembeni mwa Makumbusho ya Taifa. Watamu kuna Bio-Ken, kituo cha nyoka alichokianzisha James Ashe mwaka 1980. Swila mkubwa wa nchi zetu, aliyetambuliwa rasmi na wanasayansi kama spishi ya peke yake mwaka 2007, amepewa jina la huyo Ashe, Naja ashei. Magharibi mwa Arusha kuna Meserani, ambako pamoja na nyoka kuna zahanati inayotibu waliogongwa. Halafu, ndugu msomaji, huenda tayari unaye nyoka mmoja darini. Nyoka wa nyumbani, yule mwembamba wa kahawia mwenye mistari miwili myeupe usoni, hana sumu na anaishi kwa kula panya na mijusi. Kama una hakika ndiye, njia nzuri ya kumfuga ni kutompiga jembe. Kama huna hakika, kaa mbali naye, mwache aende, na umwite anayewajua.

Sasa nirudi kwa aliye mahali panaporuhusu. Panaporuhusu napo panatofautiana. Uingereza haidai leseni kwa nyoka wa kawaida wa dukani, ila inaidai kwa wenye sumu ya hatari, chini ya sheria ya mwaka 1976. Norway ilikataza reptilia majumbani kwa miongo kadhaa, kisha Agosti 2017 ikaruhusu spishi 19 tu. Hawaii ukikutwa na nyoka, faini yaweza kufika dola 200,000 na kifungo cha miaka 3. Na juu ya sheria ya nchi kuna mkataba wa pango: soma kifungu cha wanyama kabla hujalipa chochote.

Nyoka utakaoonyeshwa dukani huwa wawili zaidi ya wengine. Mmoja ni nyoka wa mahindi, mzaliwa wa kusini mashariki mwa Marekani, mwembamba, mwekundu au wa rangi ya chungwa, mwepesi wa kula. Wa pili ni chatu mpira, ambaye Waingereza humwita chatu wa kifalme. Huyu ni Mwafrika: anapatikana porini kuanzia Senegali mpaka Uganda. Akiogopa hujiviringisha akaficha kichwa katikati, ndiyo asili ya jina la mpira. Hazidi sana mita moja na nusu, mnene, mpole, na ndiye aliyetaga Saint Louis. Hawa wawili hawana sumu. Wakiuma, na siku moja watauma, utapata vitobo vidogo vya kuosha kwa maji na sabuni. Paka wa jirani atakuumiza zaidi. Hilo ndilo jibu la lile swali la kwanza, na kama unavyoona ni fupi.

Jibu refu linahusu joto.

Nyoka hatengenezi joto la mwili wake. Wewe unakula mara tatu kwa siku, na sehemu kubwa ya chakula hicho inateketea ili ubaki na nyuzi 37, uwe Makambako au Maskati. Nyoka anaazima joto la nje: la mwamba uliopigwa na jua, la udongo, la shimo aliloacha panya. Faida yake ni kwamba chakula kidogo kinamtosha kwa muda mrefu. Hasara yake ni kwamba kila kitu ndani yake, kusaga chakula, kupambana na vijidudu, hata kutambaa, kinategemea joto hilo la kuazima. Porini akihisi baridi atahama. Kwenye sanduku lako la kioo hana pa kuhamia, isipokuwa umemwekea.

Kwa hiyo unachokwenda kununua hasa ni hali ya hewa, na nyoka ataishi ndani yake. Chatu mpira anataka upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 31 hadi 33, na upande mwingine nyuzi 25 hivi, ili achague mwenyewe kulingana na haja yake. Kila upande uwe na pa kujificha, la sivyo atalazimika kuchagua kati ya joto na usalama. Akichagua usalama atakaa baridini. Chakula kitaozea tumboni kabla hakijasagwa, naye atakitapika siku chache baadaye kikiwa na harufu ambayo hutaisahau. Baridi ikiendelea, mapafu yataugua. Nyoka hana kiwambo cha kumsaidia kukohoa, hivyo makamasi yanayoingia chini hayatoki kirahisi. Utamsikia akipumua kwa mluzi, kisha utaona mapovu mdomoni. Ukimkuta ameinua kichwa juu na kuacha kinywa wazi ili avute hewa, ujue ugonjwa una wiki kadhaa.

Upande wa pili wa shilingi ni kuungua. Nyoka ana udhaifu wa ajabu: anaweza kulala juu ya kitu cha moto mpaka ngozi ya tumbo ikaiva, na asisogee. Vidonda hivyo ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa kwa nyoka wanaofugwa, na karibu vyote vinatokana na mwenye nyoka kununua mkeka wa joto au jiwe la umeme bila kununua themostati. Muuzaji atakuambia themostati si lazima. Mimi nakuambia kwamba kama fedha zinatosha kimoja tu kati ya nyoka na themostati, nunua themostati, urudi mwezi ujao.

Watu wa kwetu hunijibu kwamba Afrika joto lipo bure. Limuru mwezi wa Julai? Njombe? Na huko ughaibuni, umeme ukikatika usiku wa Januari Minnesota, una saa chache za kufikiri. Mwenye nyoka anayejua kazi yake ameshajiuliza mapema atampeleka wapi.

Unyevu wa hewa nao ni hivyo hivyo. Chatu mpira anahitaji unyevu wa asilimia 55 kwenda juu, na hita za majira ya baridi hukausha nyumba mpaka chini ya nusu ya hapo. Dalili huonekana anapojivua gamba. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba moja angavu, nalo hubadilishwa kila anapojivua. Siku chache kabla, macho huwa na ukungu wa buluu, anakuwa haoni vizuri na hataki kushikwa. Hali ikiwa nzuri, ngozi nzima hutoka kwa mkupuo mmoja ikiwa imegeuzwa ndani nje, mfano wa soksi. Hewa ikiwa kavu, hutoka vipande vipande na gamba la jicho hubaki. Hapo ndipo wenye nyoka hushika kibano na kuanza kulichokonoa. Wengine hufanikiwa kung'oa gamba pamoja na kitu cha chini yake. Ongeza unyevu, subiri, au mlete kwa daktari.

Umeona kwamba katika yote haya nyoka hajatoa sauti ya kulalamika. Mbuzi mwenye njaa atapiga kelele mpaka mtaa wa pili usikie, na mbwa mgonjwa atakuja kulala miguuni pako. Nyoka aliye baridini, au mwenye kiu, au mwenye utitiri mweusi unaomnyonya chini ya magamba, anafanana kabisa na nyoka mzima: kajikunja pembeni, katulia. Porini ugonjwa ukionekana, adui huuona pia, kwa hiyo mababu zake waliouonyesha hawakuacha watoto wengi. Taarifa yote utakayoipata itatoka kwenye kipimajoto, kwenye mizani, na kwenye daftari unaloandika kila wiki. Wako watu ambao kazi ya namna hiyo inawapa raha. Ndio haohao wanaofuga samaki wa mapambo wakapima maji kila Jumamosi bila kusukumwa. Wanaotaka mnyama wa kuwalaki mlangoni watachoka naye kabla mwaka haujaisha.

Je, atakujua? Atakuzoea. Ulimi ule wa panda unakusanya chembe za harufu na kuzipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa, na baada ya miezi kadhaa harufu yako haitamshtua. Wapo wanasayansi waliochunguza nyoka wadogo wa Amerika ya Kaskazini na kuona kwamba hata wao huchagua wa kukaa naye, kwa hiyo sitasema hawana lolote kichwani. Lakini kutulia mkononi si kubembelezeka. Mkono wako una nyuzi 30 na zaidi. Kwake ni mahali pa kuotea joto. Chatu mpira aliyejibana na kukaza mwili akiwa mapajani mwa mtoto, huku kila mtu akisema tazama alivyo mpole, mara nyingi ameogopa.

Chakula sasa, na hapa ndipo nyumba nyingi za Waswahili mazungumzo hukatika. Nyoka hawa hawali mboga, hawali wali, hawali vipande vya nyama. Wanakula mnyama mzima pamoja na manyoya na mifupa yake, kwa kuwa humo ndimo ilimo kalsiamu na vitamini. Chatu mpira mkubwa anataka panya mmoja mnene kila baada ya wiki mbili hadi nne. Panya hao huuzwa wakiwa wamegandishwa, na lazima wakae kwenye friza. Friza ipi? Ile yenye samaki na nyama ya futari? Nimeona ndoa ikiyumba kwa swali hilo. Nunua friza ndogo ya pekee, iwekwe gereji, na kisu cha jikoni kisiikaribie.

Panya huyeyushwa polepole kwenye ubaridi, kisha hupashwa ndani ya mfuko uliotumbukizwa kwenye maji ya moto kiasi. Maikrowevu usiitumie: hupika upande mmoja, upande mwingine ukabaki barafu, na tumbo la panya linaweza kupasuka humo ndani. Lengo ni apate joto la kiumbe hai, kwa sababu chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto, na kwa vishimo hivyo huona gizani kitu ambacho wewe hukioni. Mpe kwa koleo ndefu. Ukimpa kwa vidole, usimlaumu akichagua kidole.

Wengine husema panya hai ndiye wa asili zaidi. Panya hai ana meno. Nyoka akiwa hana njaa usiku huo, panya aliyefungiwa naye huanza kumtafuna, na nyoka hajui kumkimbia ndani ya sanduku. Nimewashona nyoka walioliwa mpaka mbavu zikaonekana. Isitoshe, panya naye ni mnyama mwenye maumivu.

Kisha itakuja siku chatu mpira akatae kula. Hutokea hasa kwa madume wakubwa majira ya kupandana, na yaweza kuchukua miezi. Mwenye nyoka mgeni hupaparika, humbadilishia kizimba, humshika kila siku kumchunguza, na kwa kufanya hivyo humfanya asile zaidi. Mpime kwa mizani ya jikoni, na si ile mnayopimia unga. Akiwa hajapungua sana, mwache. Akipungua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito wake, mtafute daktari. Na akila, mwache siku mbili bila kumgusa. Mwili wake huo ambao ulikuwa umepumzika huanza kufanya kazi kubwa mno: kwa chatu wa Burma imepimwa kwamba moyo hukua kwa asilimia 40 katika siku mbili baada ya mlo, kisha hurudi ulivyokuwa. Ukimrusharusha wakati huo, atatapika.

Afya yako nayo ina lake. Nyoka wengi hubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, na panya waliogandishwa nao wanaweza kuwa nao. Kwa mtu mzima mwenye afya ni kuharisha siku chache. Kwa mtoto mchanga ni hospitali, na mara nyingine ni kaburi. Mamlaka za afya za Marekani zinashauri nyumba yenye mtoto chini ya miaka 5, mzee wa miaka 65 au zaidi, au mtu mwenye kinga dhaifu isiwe na reptilia kabisa. Nyumba zetu ughaibuni mara nyingi zina wawili kati ya hao, bibi akiwa amekuja kulea mjukuu. Katika nyumba hiyo ushauri wangu ni mfupi: subirini. Na popote pale, bakuli la nyoka halioshwi kwenye sinki la vyombo.

Lipo suala la atokako, ambalo wanunuzi hawaliulizi, na kwangu lina uzito sawa na la joto. Hakuna nyoka wa Afrika anayesafirishwa nje akiwa hai kwa wingi kumshinda chatu mpira. Kwa miongo kadhaa Ghana, Togo na Benin zimekuwa zikiuza watoto wake. Wawindaji huchimba mashimoni majike wenye mimba na mayai, mayai huanguliwa vituoni, na watoto husafirishwa maelfu kwa maelfu. Biashara hiyo ina vibali chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, na inawalisha watu mashambani. Lakini nyoka wa njia hiyo hufika akiwa na kupe, minyoo na woga, na wengi hufa kimyakimya mikononi mwa wanunuzi wanaodhani wamekosea wao. Mtafute aliyezaliwa kwa mfugaji, ambaye utamwona mama yake na utamwona akila mbele yako. Muuzaji anayekataa kukuonyesha akila ana sababu.

Wafugaji nao si malaika. Wamezalisha chatu mpira wa rangi na madoa ya kila namna, na aina moja maarufu, iitwayo buibui kwa madoa yake membamba, ina kasoro iliyofungamana na rangi yenyewe: sikio la ndani halijaumbika sawa, hivyo nyoka hutikisa kichwa, hukosa shabaha anapokamata chakula, na pengine hujipindua chali. Hakuna namna ya kuipata rangi hiyo bila maradhi hayo. Atakayekuambia ni tabia tu ya nyoka huyo, mwachie nyoka wake.

Na wako wanaotaka wa ajabu zaidi. Kifutu wa miti wa Mlima Kenya, Atheris desaixi, anaishi katika misitu michache tu duniani, na kifutu mwenye pembe wa Bonde la Ufa hatoki nje ya Kenya. Watoza nyoka wa ng'ambo waliwatamani kiasi kwamba Kenya iliomba wote wawili wawekewe udhibiti wa CITES, na mwaka 2016 ikakubaliwa. Ukimwona nyoka wa namna hiyo akiuzwa Ulaya, uliza karatasi. Wenye sumu sitawajadili zaidi ya hapo. Dawa ya koboko haipo katika hospitali ya kila mji, na daktari wa zamu usiku hatakuwa na muda wa kuitafuta.

Chatu wakubwa wanastahili aya yao, kwa kuwa wanauzwa wakiwa wadogo na wazuri. Chatu wetu wa Afrika, yule wa Serengeti na Mara, mtoto wake akitoka yaini anaenea kwenye viganja viwili. Akikua anapita mita nne, na hasira yake haipungui. Agosti 2013, Campbellton, mji mdogo wa Kanada, chatu wa aina hiyo alitoka kizimbani mwake usiku, akapita kwenye njia ya hewa, akaangukia chumba walimolala ndugu wawili, wa miaka 4 na 6, akawaua. Walikuwa wageni waliokuja kulala kwa rafiki yao. Marekani ilikuwa imeshapiga marufuku mwaka 2012 kuingizwa nchini kwa chatu wetu, pamoja na chatu wa Burma, kwa sababu nyingine: chatu wa Burma waliotoroka na walioachiwa Florida walikuwa wamezaana katika vinamasi vya Everglades. Utafiti uliochapishwa mwaka huohuo ulionyesha kwamba rakuni na oposamu walioonekana barabarani katika maeneo ya chatu walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 98. Wengi wa wale chatu wa kwanza, au wazazi wao, walikuwa wa sebuleni kwa mtu. Mwenyewe alichoka, akaona ni huruma kumpeleka kichakani kuliko kumuua.

Kwa hiyo ukishindwa, usimwachie. Mrudishe kwa aliyekuuzia, au mpeleke kwenye kituo kinachookoa reptilia. Uingereza na Marekani vipo, ingawa vimejaa. Tena wapigie simu hata kabla hujanunua, uliza kama wana chatu mpira wanaotafuta nyumba. Karibu kila mara wanao, na nyoka mkubwa aliyeachwa na mwanafunzi wa chuo ana faida: tabia zake zinajulikana, anakula, na ameshazoea mikono ya watu.

Kama umefika hapa na bado unataka, fanya hivi. Nunua kizimba, chenye urefu wa kumtosha nyoka kujinyoosha mwili wote atakapokua, chenye kufuli, maana nyoka husukuma kila upenyo kwa pua mpaka ufunguke. Weka themostati, vipimajoto viwili, kipimo cha unyevu, bakuli la maji na pa kujificha pawili. Kisha kaa nacho mwezi mzima kikiwa kitupu. Kila asubuhi na kila jioni andika nyuzi za upande wa joto, za upande wa baridi, na unyevu. Badilisha maji. Ukisafiri, tafuta wa kukuandikia. Mwisho wa mwezi fungua daftari uangalie mistari iliyokosa maandishi, na kama imezidi mitatu, kiuze kizimba kingali kipya. Katika mwezi huohuo mtafute daktari anayetibu nyoka, umuulize yuko umbali gani na anatoza kiasi gani, kwa sababu wengi wetu tumesomea ng'ombe, mbwa na kuku.